Funza wa bua kwenye malisho ya Pwani: kabla ya kupiga dawa, tuzungumzie maadui wake

Bin_Mwakirunge (mwenye uzi)

Salamu kwenu wanabodi, hasa wafugaji wa Kisauni, Likoni, Mtwapa mpaka Kwale.

Tangu masika yaanze, kila grupu la wafugaji nililomo lina swali lile lile: mtama wa malisho unakauka moyo. Jani la kati linanyauka, ukilivuta linatoka bila nguvu, na huko chini limeoza. Mahindi ya saileji, yale malisho ya kuvundikwa, hali kadhalika. Majibu nayo ni majina ya dawa tu. Huyu anataja chupa hii, yule ile, wa tatu anasema changanya zote mbili upige jioni. Hakuna anayeuliza mdudu huyu ametoka wapi na huko kwao nani alikuwa akimmaliza.

Nataka tulizungumze hilo kwa kirefu, kwa sababu Pwani yetu ina historia kubwa katika jambo hili na wafugaji wengi hawajawahi kuisikia.

Kwanza mjue mdudu mwenyewe. Chukua bua lililokauka moyo, lipasue kwa kisu kwa urefu. Utamkuta kiwavi wa rangi ya malai, kichwa hudhurungi, mgongoni ana madoa meusi yaliyojipanga kwa mistari. Huyo ni funza wa bua, wengine humwita bungua, na jina lake la kitaalamu ni Chilo partellus. Asili yake ni Asia. Barani Afrika alirekodiwa mara ya kwanza Malawi mwaka 1930, kisha akasambaa mashariki na kusini mwa bara. Pwani tulikuwa na funza wetu wa asili wa jamii hiyohiyo, Chilo orichalcociliellus, lakini mgeni anakua haraka kuliko yeye na amemsukuma pembeni katika mashamba mengi.

Mgeni huyu alinawiri kwa sababu alivuka bahari peke yake. Waliokuwa wakimla kule Asia walibaki kule. Tulikuwa na nyigu wetu, Cotesia sesamiae, ambaye amezoea funza wa Afrika, ila kwa mgeni alikuwa hafui dafu.

Basi watu wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, timu aliyokuwamo mtafiti William Overholt, wakamfuata adui huko alikotoka mdudu. Wakamleta nyigu kutoka Pakistani, Cotesia flavipes. Hakuachiliwa siku aliyoshuka. Aliwekwa karantini kwanza, akapimwa, na mwaka 1993 ndipo akaachiliwa, na mahali palipochaguliwa ni hapa kwetu, mashamba ya Pwani. Miaka ya mwanzo alionekana kwa nadra, ungedhani amekufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaanza kuonekana kwa wingi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha kuwa Pwani idadi ya funza ilishuka kwa kiasi cha kati ya theluthi na nusu. Hakuna mkulima aliyelipa senti kwa kazi hiyo, na nyigu anaendelea nayo mpaka leo.

Anavyofanya ni hivi. Ni mweusi, hafiki hata milimita 4. Jike anafuata harufu ya mmea unaoliwa na ya kinyesi cha funza, kile kiungaunga unachokiona kwenye tundu la bua. Anaingia ndani ya tundu, kwenye giza, anamdunga funza na kumtagia mayai makumi kadhaa mwilini. Nyigu wengi hufia humo humo wakiumwa na funza, lakini mayai yameshaingia. Vibuu vinamla funza kutoka ndani, na baada ya wiki mbili hivi vinatoboa ngozi, vinatoka na kusokota vifuko vyeupe vilivyobebana, mithili ya punje za mchele uliomwagika pembeni ya mzoga. Ukipasua bua ukaona hivyo, ujue mtu wako wa kazi yumo shambani.

Sasa fikiria unapiga dawa. Funza yuko ndani ya bua, dawa haimfikii. Anayetembea juu ya majani akitafuta tundu ni nyigu. Nani anakufa?

Karibuni tujadili.

---

MamaMaziwa_Likoni

Ahsante kwa uzi, lakini nami nikuulize kama mfugaji. Ng'ombe hawangoji nyigu azaane. Mtama ukiharibika leo, kesho nanunua nyasi za gari kutoka mbali, na ukipunguza lishe maziwa yanashuka siku hiyohiyo. Wateja wangu wananitegemea kila alfajiri. Sasa nifanye nini wiki hii?

---

Bin_Mwakirunge

Mamangu, swali lako ndilo lenyewe. Ya wiki hii ni haya. Mtama uliokauka moyo usiuache usimame shambani. Ukate, upitishe kwenye mashine ya kukatakata nyasi, ulishe. Ng'ombe hadhuriki na funza, na funza akipita kwenye visu hatoki kuwa nondo. Saileji pia ni kaburi lake. Kosa linalofanywa huku kwetu ni kukata malisho kisha vigutu na mabua makavu yanabaki yamelala pembeni mpaka mvua ijayo. Funza wa bua hulala humo wakati wa kiangazi akingoja mvua, na mvua ikinyesha anatoka nondo wa kwanza tayari kutaga kwenye mtama wako mchanga.

Kama umepanda karibuni na mimea ni michanga, chungulia ndani ya kikonyo cha majani ya juu. Kwa siku chache za mwanzo funza wadogo hula hapo kabla ya kutoboa bua. Ukiona majani yana vijitundu vilivyopangana, bado hajaingia. Huo ndio wakati pekee ambao mkono wako unamfikia.

Na tusisahau kuwa hiki ni chakula cha ng'ombe wa maziwa. Kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kukata. Ukipiga leo ukalisha kesho, kinachofuata kiko kwenye chupa ya mtoto wa mteja wako.

---

Duka_la_Pembejeo_Kongowea

Mimi ni muuzaji, na nitasema ukweli wangu. Watu huja dukani wakiwa wamechanganyikiwa, hawana picha wala mdudu mkononi, wanasema "nipe ya kuua wadudu wa nyasi". Mdudu gani? Hawajui. Nikiuliza sana wanaenda duka la pili. Wengi hawasomi zile siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko, na maandishi yenyewe ni madogo mno.

Lakini dawa ina mahali pake, msiifute kabisa. Viwavijeshi wakishuka kwenye malisho baada ya mvua, wanatembea kwa jeshi na kuacha ardhi tupu kwa siku chache. Hapo huwezi kumwambia mfugaji asubiri nyigu.

---

Bin_Mwakirunge

Nakubaliana nawe kwa viwavijeshi wetu wa asili, wale wanaokuja kwa makundi. Hao ni dharura, na walio juu ya majani dawa inawafikia. Ninachopinga ni kupiga kwa ratiba, kila wiki mbili, iwe kuna mdudu au hakuna. Na kama wauzaji wote wangeuliza "mdudu gani?" kama unavyofanya wewe, nusu ya vita ingekuwa imekwisha.

---

Binti_Pwani_Chuoni

Nasomea kilimo, Kilifi. Kwenye viwavijeshi naomba niongeze kitu, maana siku hizi kuna wa aina mbili na watu wanawachanganya. Huyu mwingine ni kiwavijeshi vamizi, kwao ni bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017. Mtazame kichwani: ana alama ya Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba. Anajulikana kula aina zaidi ya 350 za mimea, na jamii ya nyasi ndiyo anayoipenda hasa, kwa hiyo msimhesabu kuwa tatizo la mahindi pekee.

Kilichonivutia ni habari ya maadui wake. Kuna nyigu mdogo sana, Telenomus remus, anayetaga ndani ya mayai ya nondo, yaani kiwavi hazaliwi kabisa. Anatumika Amerika ya Kusini na ya Kati. Ulikuwapo mjadala wa kumleta Afrika, na watafiti walipochunguza mayai yaliyookotwa mashambani wakamkuta tayari yupo, Kenya ikiwemo. Matokeo hayo yalitoka 2019. Kwa hiyo kazi ya kutafuta maadui inaanzia nyumbani. Kabla ya kukata tiketi, okota mayai na viwavi vya shamba lako, vitunze kwenye maabara, uone nani atatoka.

Na maadui wenyeji nao walijitokeza haraka. Kule Ethiopia, ndani ya mwaka mmoja tu, nyigu aitwaye Cotesia icipe alikuwa ameshamgeukia mgeni huyu. Hapa Kenya kulionekana inzi ambao mabuu yao hukua ndani ya kiwavi.

---

Mzee_Kibokoni

Nimesoma yote kwa makini. Mimi si mfugaji, ni mzaliwa wa Mji wa Kale, lakini jambo la kuleta mgeni kumfukuza mgeni linanitia wasiwasi, na wasiwasi wangu uko juu ya paa langu. Tazameni kunguru hawa. Kule Unguja waliletwa mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka. Mombasa walifika miaka ya 1940. Leo hakuna ndege mdogo anayelea kifaranga kwa amani mji mzima. Wanakula mayai, wanakula makinda, wanapora mpaka sahani za hoteli. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Waliowaleta nao walikuwa na nia njema.

Mnanihakikishiaje kuwa nyigu wenu hatakuwa kunguru mwingine?

---

Ami_Nyanjani

Mzee wangu shikamoo. Nilikuwa afisa wa nyanjani huku Pwani, sasa nimestaafu, na swali hili nililijibu kwenye mabaraza mengi chini ya miembe. Nitakujibu kwa heshima inayostahili, kwa sababu wasiwasi wako ni wa haki.

Kunguru anakula kila kitu. Hapo ndipo tofauti ilipo. Yule chura mkubwa aliyepelekwa Australia mwaka 1935 kula mende wa miwa naye alikuwa mla-kila-kitu. Mende hakuwashughulikia, lakini nchi aliijaza, na ana sumu inayowaua wanyama wanaomla. Hao hawakuchaguliwa kwa kipimo chochote. Mtu aliona mnyama mlafi akadhani ulafi ni sifa.

Adui wa mdudu anayefaa ni yule mwenye ukali mmoja tu. Anamjua mdudu mmoja au ndugu zake wa karibu, na bila huyo hawezi kuzaa. Ndiyo sababu kazi kubwa hufanyika karantini. Unamfungia nyigu na funza unayemlenga, kisha unamfungia na wadudu wengine wa hapa nchini, hasa ndugu wa yule funza na wale wenye faida kama nondo wa hariri, uone kama atawadunga. Akiwadunga wasiohusika, safari yake inaishia hapo. Hapa Kenya hakuna anayeruhusiwa kuingiza kiumbe cha namna hii kiholela. Kibali hupitia KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kuna kamati ya wataalamu inayokaa juu ya kila ombi, na kuna kituo cha karantini Muguga.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo abishe hodi, akaguliwe, ndipo aingie.

Na niongeze hili, maana Bin_Mwakirunge amelipitia haraka. Nyigu wa Pwani hafai kila mahali. Huko Kitale na miinuko mingine anayetawala ni funza wa aina nyingine, Busseola fusca. Nyigu wetu anamdunga vizuri tu, lakini mwili wa funza yule unayazingira mayai na kuyaua. Watu wa bara wakituona tunasifia nyigu wetu, wasije wakamtarajia kwao.

---

Mzee_Kibokoni

Marahaba mwanangu. Sasa nimeelewa. Swali langu la pili: akishapimwa na kuachiliwa, kazi imekwisha? Atafanya kazi milele?

---

Mkamuaji_Waikato

Mzee, hilo naomba nilijibu mimi. Ni mzaliwa wa Majengo, sasa nakamua ng'ombe huku Waikato, New Zealand, na hapa jambo hili ni la maisha na kifo cha biashara, kwa kuwa nchi nzima inaishi kwa nyasi.

Huku malisho ni raigrasi, aina ya nyasi, na klova, mmea wa jamii ya kunde, ekari kwa ekari, mpaka macho yachoke. Zote mbili zililetwa kutoka Ulaya. Mdudu aliyewasumbua ni fukusi mdogo wa shina kutoka Amerika ya Kusini, Listronotus bonariensis, aliyerekodiwa huku mwaka 1927. Buu lake linatoboa shina la raigrasi kutoka ndani, sawa kabisa na funza wenu. Huku asilia hapakuwa na adui wa maana wa kumzuia.

Watafiti wakaenda Amerika ya Kusini kumtafuta nyigu aitwaye Microctonus hyperodae. Sikilizeni walivyotafuta. Hawakuchukua kutoka sehemu moja. Walikusanya kutoka sehemu nane, pande zote mbili za milima ya Andes: Chile, Argentina, Uruguay na Brazili. Hawakuwa na hakika nyigu wa hali gani ya hewa ndiye angezoea huku, basi wakaleta wote na kuacha mashamba yaamue. Waliachiliwa mwaka 1991. Nyigu huyu anamdunga fukusi mkubwa, si buu, na jike aliyedungwa hatagi tena. Miaka ya mwanzo sehemu nyingine zaidi ya robo tatu ya fukusi walikuwa wameshadungwa. Watu walifurahi sana.

Kisha ikaanza kushuka. Miaka saba hivi baada ya kuachiliwa, kiwango cha fukusi wanaodungwa kilianza kuteremka, na takwimu za nchi nzima zilizochapishwa mwaka 2017 zinaonyesha kilipungua karibu nusu. Fukusi wamebadilika. Waliojua kumkwepa nyigu ndio waliobaki kuzaa.

Sababu inayotolewa ni mbili, na zote zinawahusu nyinyi. Kwanza, nyigu huyu hana dume. Jike anazaa majike peke yake, na mtoto ni nakala ya mama. Fukusi naye ana dume na jike, kila kizazi damu inachanganyika upya, kwa hiyo yeye anabadilika na adui yake amesimama palepale. Pili, malisho yenyewe. Aina mbili za mimea, hakuna kichaka, hakuna pembe ya shamba ambapo fukusi wasiokwepa wangesalia bila kushindanishwa. Nchi nzima imekuwa uwanja mmoja wa kumfundisha fukusi somo moja.

---

Binti_Pwani_Chuoni

Kaka Mkamuaji, na yule fukusi wa mizizi ya klova? Nilisoma kuwa naye alipata nyigu asiye na dume.

---

Mkamuaji_Waikato

Ndiyo dada. Yule alionekana huku Waikato mwaka 1996. Buu lake linakula vinundu kwenye mizizi ya klova, vile vinavyoshika naitrojeni, kwa hiyo mfugaji anapoteza klova na mbolea kwa mpigo. Nyigu wake, Microctonus aethiopoides, alitoka Ireland, akaachiliwa mwaka 2006, na amefanya kazi nzuri.

Lakini kumchagua kulikuwa kugumu. Nyigu wa jina hilohilo kutoka Moroko alikuwa ameshaletwa mwaka 1982 kwa ajili ya fukusi wa lusani (malisho mengine ya jamii ya kunde), na baadaye ikaonekana anadunga pia fukusi wengine ambao hakuletewa, akiwemo mmoja aliyeingizwa nchini kula magugu ya miiba. Mzee Kibokoni, hapo wasiwasi wako una ushahidi. Sasa wakileta nyigu wengine wa Ulaya wakazaana na yule wa Moroko, watoto wao wanakuwa dhaifu kwa kazi. Yule wa Ireland alichaguliwa kwa sababu majike yake yanazaa bila dume, basi hawachanganyiki.

---

Bin_Mwakirunge

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndugu yetu wa Waikato ametupa jambo zito. Sifa ileile, kuzaa bila dume, imewafaa kwa klova na imewaponza kwa raigrasi. Ndiyo maana mimi siamini orodha za "sifa za adui bora" wanazotubandikia. Kila mdudu na shamba lake.

Nyigu wetu wa Pwani ana dume na jike. Damu yake inachanganyika, naye anaweza kwenda na funza anavyokwenda. Hiyo ni neema tuliyonayo.

Jambo la pili, malisho ya aina moja, liko mikononi mwetu. Tembeeni mkatazame mashamba mapya ya malisho. Wanafyeka mpaka ukingoni, wanachoma pembe zote, wanapanda mtama mtupu. Wanasema mtama mwitu na nyasi ndefu ni nyumba ya funza. Ni kweli funza anataga humo, lakini wengi wa watoto wake hufa kwenye nyasi hizo, na wakati wa kiangazi mashamba yakiwa matupu, hao wachache wanaobaki ndio wanaomweka nyigu hai mpaka mvua irudi. Nyigu mkubwa anaishi siku mbili tatu tu. Asipopata funza wa kutagia ndani ya muda huo, ukoo wake umeisha shambani kwako. Ukichoma kila kitu, funza atarudi akipeperuka usiku kutoka kwa jirani, na nyigu atachelewa nyuma yake.

Nepia, zile nyasi ndefu za malisho tunazozidharau, nayo inafanya kazi hii. Nondo anaipenda kuliko mahindi, anataga kwa wingi, lakini kiwavi akianza kutoboa, mmea unatoa utomvu wa kunata na wengi hufia hapo. Juu ya elimu hiyo ndipo ulipojengwa mfumo ule wa kusukuma na kuvuta, kazi ya icipe na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na KARI ya wakati ule, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya ambayo sasa ni KALRO: nepia pembeni inavuta, desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati inafukuza. Na vyote viwili ng'ombe anakula! Kwa sehemu zenye ukame kuna namna nyingine inayotumia nyasi za brakiaria, aina ya Mulato II, na desmodiamu ya majani ya kijani.

Kuna nyasi nyingine ningependa wafugaji waijaribu, Melinis minutiflora, ile yenye harufu nzito tamu na majani ya kunata. Ni malisho, na harufu yake hufukuza nondo na kumwita nyigu mwenyeji, Cotesia sesamiae. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1997. Mmea ambao haujaguswa na mdudu unaita mlinzi! Kila nikilifikiria jambo hili nashangaa kwa nini halifundishwi kwa kila mfugaji anayekata nyasi nchini.

---

MamaMaziwa_Likoni

Mulato ninayo. Haijaguswa na funza, ila kiangazi inageuka nyekundu, kuna vijidudu vidogo vya utando chini ya majani. Nao wana nyigu?

---

Ami_Nyanjani

Hao ni utitiri mwekundu, mama, si wadudu hasa, wana miguu minane. Brakiaria ina safari ndefu. Ni nyasi za Afrika, zikapelekwa Amerika ya Kusini zikajaza mabara, na huko zikakutana na mdudu wa povu, yule ambaye watoto wake hukaa ndani ya povu jeupe shinani wakifyonza utomvu. Mulato ilizalishwa huko Kolombia, na moja ya sababu ilikuwa kupata nyasi inayomhimili mdudu huyo. Huku kwetu Mulato haina habari na mdudu huyo, shida yake ni utitiri. Wabrazili wanampiga mdudu wa povu kwa kuvu, Metarhizium, wanainyunyiza kwenye miwa na malisho. Adui wa mdudu si lazima awe nyigu.

Utitiri hupenda vumbi na jua kali. Kata mapema, usingoje ikomae, na uipe nafasi ichipuke upya. Na usiipige dawa ya kuua wadudu, maana utitiri una walaji wake, utitiri wengine wanaotembea mbio na vidudu kobe vidogo vyeusi, na hao ndio hufa kwanza.

---

Duka_la_Pembejeo_Kongowea

Hilo la utitiri nimeliona dukani. Mteja anapiga, wiki mbili baadaye anarudi amezidiwa. Sasa nimejua sababu. Lakini nipeni kitu cha kumwambia mtu aliyesimama mbele ya kaunta na pesa mkononi. Nimwambie nini kwa dakika moja?

---

Bin_Mwakirunge

Mwambie arudi shambani apasue mabua ishirini kutoka sehemu mbalimbali, si ya ukingoni tu. Ahesabu mangapi yana funza hai na mangapi yana vifuko vyeupe. Akiona vifuko kwenye mabua mengi, dawa itamharibia. Akiona funza watupu bila kifuko hata kimoja, na mimea bado michanga, basi mzungumze. Na mabua yenye vifuko asiyapitishe kwenye mashine wala asiyachome. Ayaweke kivulini pembeni ya shamba, nyigu watatoka wenyewe.

Nimefanya hivyo na jirani zangu hapa Mwakirunge. Wawili walikuwa wameshajaza pampu. Tulipopasua pale pale, bua la tatu lilikuwa na vifuko, la tano pia. Pampu zikamwagwa.

Asiyeelewa anachokiona, kuna KALRO Mtwapa, na icipe wana kituo Muhaka, Kwale. Mpeleke mdudu mzima kwenye chupa, si picha ya simu iliyotikisika.

---

Binti_Pwani_Chuoni

Naweza kuomba mabua yenye vifuko kutoka kwa yeyote wa Kisauni, Likoni au Kwale? Nataka nijue ni wangapi kati ya nyigu wanaotoka ni yule wa Pakistani na wangapi ni yule mwenyeji. Nitarudisha majibu humu kwa kila aliyeleta, shamba kwa shamba. Karibu mseme mlipiga dawa gani msimu huu na lini, au hamkupiga.

---

MamaMaziwa_Likoni

Nimepasua mchana huu baada ya kukamua. Vifuko vipo, mabua manne. Nitavuka na kivuko Jumamosi. Niyaweke kwenye nini yasife njiani?

---

Binti_Pwani_Chuoni

Ahsante mama. Kata kipande cha bua chenye vifuko, usiving'oe. Kiweke kwenye chupa pana ya plastiki au mtungi wa achari uliooshwa ukakauka kabisa, funika mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira, usitumie kifuniko maana jasho litaleta ukungu. Usiweke juani. Andika karatasi: shamba, tarehe uliyopasua, aina ya mmea. Wakianza kutoka kabla ya Jumamosi, ukaona vijidudu vyeusi vinatembea kwenye kitambaa, usinisubiri: fungua mtungi jioni katikati ya mtama wako, uniletee vifuko vitupu.